Kijani cha Chupa

Sebule yetu ilikuwa na kuta nne, lakini mmoja tu ndio uliohesabiwa. Ni ule uliotazamana na madirisha, ambao mgeni akiingia anauona kwanza, na ambao chini yake waliketishwa watu wa heshima: padri alipokuja kubariki nyumba, wajomba kutoka kijijini, mkubwa wa kazi wa baba. Hapo palitundikwa picha ya Moyo Mtakatifu, kalenda ya parokia na picha ya arusi ya wazazi wangu. Zile kuta nyingine tatu zilipakwa chokaa, zikasahauliwa. Ukuta ule ulipakwa rangi ya mafuta, na rangi yake ilijadiliwa nyumbani kama watu wengine wanavyojadili mahari.

Mwaka ninaousimulia, mahari pia ilikuwemo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza masomo ya ualimu, nafundisha darasa langu la kwanza, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kidogo. Kijana mmoja aliyefundisha shule moja nami alikuwa amesema neno, nami nilikuwa nimelikubali. Zikabaki wiki tatu kabla ya watu wa kwao kuja nyumbani kuniposa. Ukuta wetu ulikuwa wa njano, umebanduka penye unyevu, na una duara nyeusi za mafuta ya nywele pale vichwa vya wageni vilipoegemea. Baba akasema lazima upakwe upya. Nilifurahi sana. Laiti ningejua, ningemwambia tuuache vilevile.

Baba alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya ardhi. Wapimaji walikwenda kwenye mashamba na minyororo yao, wakarudi na namba, naye akazigeuza kuwa ramani: mistari ya wino mweusi, kisha rangi za maji, nyembamba, kila shamba na rangi yake ili lisichanganywe na la jirani. Jicho lake lilijulikana mtaa mzima. Akina mama waliouza vitenge sokoni Nyawera walimsimamisha njiani wamwonyeshe vipande viwili, awaambie kama ni doti moja au wamedanganywa. Aliviangalia, akaviweka juani, akatoa hukumu, na hakuna aliyebisha. Alitembea na abakosi yake iliyonyooshwa, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, kalamu tatu mfukoni, na wote walimwita Papa wa Ramani, yaani Baba wa Ramani. Sidhani kama kuna jina alilolipenda zaidi.

Tulikwenda naye dukani Nyawera, Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa. Siku hizo duka lilikuwa na kile kilichofika, si kile unachotaka. Mwenye duka, akimwita baba «raia» kwa Kifaransa kama ilivyoagizwa siku hizo, akatuambia hivi:

—Citoyen, rangi ya mafuta iko tatu. Nyeupe, njano ya yai, na kijani ya chupa. Usiniulize ya ine, haiko.

Baba akaomba apakiwe kidogo ya kila moja kwenye kipande cha katoni. Tukarudi na vipande vitatu vikinuka, amevishika kwa ncha za vidole mbali na abakosi.

Saa kumi alasiri, jua lilipoanza kuingia kwa madirisha na kuupiga ukuta ule, akaanza vituko vyake. Ndivyo nilivyoviita wakati ule, vituko. Akakaa kwenye kiti chake. Akanisimamisha ukutani na kile kipande cheupe.

—Kamata bakuli mu mukono. Ile nyeupe. Ipitishe mbele ya katoni. Polepole.

Nikapitisha. Akafumba jicho moja, kisha la pili. Akatikisa kichwa. Tukafanya vivyo hivyo kwa njano. Ilipofika zamu ya kijani cha chupa, kile kijani kizito kinachokaribia weusi, nikapitisha bakuli, naye akalifuata kwa kichwa toka upande hadi upande. Akatabasamu.

—Hii. Basi, imekwisha. Ni hii.

—Papa, hii iko rangi ya kambi ya basoda!

—Kijani inapumuzisha macho.

—Saloni ni ya kupokea watu, Papa, haiko ya kupumuzisha macho.

Akacheka. Mama naye, aliyekuwa akichambua maharage, akatania kwamba kijani ni rangi ya chama, kwa hiyo hata kama ni mbaya hakuna atakayethubutu kusema. Tukacheka wote watatu. Nakumbuka kicheko kile kuliko vicheko vingi vizuri vilivyofuata, kwa sababu mmoja wetu hakuwa akicheka kweli.

Afadhali nilitoe neno hili mapema, nisije nikajifanya kwamba sikulifahamu hadi mwisho. Baba alikuwa ameanza kupoteza macho. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Mwanga mkali ulimvunjikia machoni, na kitu cheupe mbele ya ukuta mweupe kilitoweka. Mbele ya kijani cha chupa alikiona. Alikuwa akitafuta rangi ambayo mbele yake angeweza kuona sura za watu watakaokuja kumwomba binti yake, na glasi watakazompa mkononi. Hakumwambia mtu, hata mama. Mchoraji asiyeona, watu hawamwiti Papa wa Ramani. Mimi sikujua. Lakini nilimwona akifumba jicho moja moja, nilikuwa nimesimama hatua nne mbele yake na bakuli mkononi, na sikuuliza. Nilikuwa mwalimu wa kuuliza maswali, nalipwa kwa kazi hiyo.

Mawazo yangu yalikuwa kwingine. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimepelekwa kusalimia kwa kina mchumba wangu, kule chini karibu na ziwa. Mama yake alikuwa na sebule ya kijani cheupe, kama maji ya ziwa asubuhi kabla upepo haujaamka. Nilikaa pale magoti yamebanana, nikinywa chai kwa adabu, nikifikiria ukuta wetu wenye duara za mafuta, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Nikajiapia kwamba mama yule hatakuja kukaa chini ya rangi ya kambi ya askari.

Wiki iliyofuata baba akatumwa Luberizi pamoja na wapimaji, siku nne, kwa ugomvi wa mipaka katika mashamba ya mpunga. Mama naye akapanda kijijini kwao kuagiza kasiksi, kwa kuwa pombe ya ndizi ya mjini hakuiamini. Wadogo zangu walikuwa shuleni, bwenini kwa masista. Nikabaki mimi, kopo la kijani cha chupa alilolinunua baba, na fundi kutoka Cimpunda ambaye viatu vyake, kwa matone ya rangi, vilikuwa na historia ya nyumba zote za mtaani Kadutu.

Nilikwenda mwenyewe Nyawera, nikanunua kopo la nyeupe. Nikaliweka mbele ya fundi.

—Changanya. Nyeupe ikuwe mingi.

Akaangalia kopo, akaniangalia mimi.

—Muzee aliniambia nipakale hivi vile iko. Alirudilia mara mbili.

—Muzee amebadilisha.

—Amebadilisha lini? Muzee iko Luberizi.

—Papa fundi, wewe unapakala ukuta ao unafanya enquête?

Akafungua kopo. Mtu mzima kama yule, angeweza kuwa baba yangu mdogo, nikamfunga mdomo kwa neno moja la Kifaransa, neno la wapelelezi. Nilijiona nimeshinda. Alikoroga kwa kijiti muda mrefu, akiongeza nyeupe kidogo kidogo, hadi ikafika pale nilipotaka: maji ya ziwa. Akapaka mara mbili. Jioni ukuta uling'aa hadi barabarani.

Kisha nikafanya lile ambalo hadi leo silipatii jina zuri. Nilikichukua kile kipande cha katoni chenye kijani cha chupa, ambacho baba alikuwa amekihifadhi nyuma ya kabati, nikakitia kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Rangi ya mafuta inawaka vizuri. Nilipika juu yake maharage ya jioni. Watu wakiniambia kwamba kosa la ujana ni la kuteleza, mimi nakumbuka kile kipande cha katoni. Mtu aliyeteleza hachomi ushahidi.

Baba alirudi siku ya nne, saa kumi na moja kasoro, vumbi la tambarare ya Ruzizi hadi kwenye nyusi, macho mekundu. Mama alikuwa bado kijijini. Jua lilikuwa ndani ya sebule lote. Akasimama mlangoni na mfuko wake, akainua mkono kujikinga uso, kama mtu aliyemulikwa.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Ningemwambia: Papa, nisamehe, niliongeza nyeupe, tazama ilivyopendeza. Angegomba. Alikuwa na hasira za haraka, zinazopita kabla ya chakula kuiva. Nilikuwa tayari kwa hasira hizo. Lakini hakugomba. Aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo:

—Hii rangi… ni ile?

Sijui kilichonipata. Labda ile sauti ndogo ndiyo iliyonipa mwanya. Mtu akiacha mlango wazi, mwoga anapitia hapo.

—Ni ile, Papa.

—Ile ya chupa?

—Ile ile. Ni jua njo inaipiga.

Akaweka mfuko chini. Akaenda hadi ukutani, akausogelea hadi pua ikakaribia kugusa, akapitisha kiganja. Akakaa hivyo. Kisha akaenda nyuma ya kabati, akapapasa.

—Katoni yangu iko wapi?

—Sijui, Papa. Labda mama aliitupa.

Nilimtia hata mama yangu ndani ya uongo huo. Akasema «basi», akaomba maji ya kunawa. Mimi nikaenda jikoni nikajipongeza: mzee ameamini, hakuna ugomvi, ukuta ni wangu. Nilidhani kwamba macho yake yamechoka na vumbi, na kwamba wanaume kwa kawaida hawatofautishi rangi za nyumba. Nilisahau kabisa kwamba ni yeye waliyemsimamisha sokoni na vitenge.

Mama aliporudi kesho yake aliona ukuta, akasema umependeza, na akadhani baba ameafikiana na fundi. Baba hakumwuliza kitu. Hakumwuliza mtu yeyote. Mtu anayeficha macho haulizi rangi mara mbili. Asubuhi mbili tatu nilimkuta amesimama peke yake mbele ya ukuta ule kabla ya kwenda kazini, mara karibu, mara mbali, na aliponisikia akajifanya anaangalia kalenda.

Wageni walikuja. Kila kitu kilikwenda vizuri, na ndiyo maana inaniuma zaidi. Hakuna aliyeanguka, hakuna kilichomwagika. Mama alimwongoza baba kwa mkono bila kujua kwamba anamwongoza. Kasiksi ilikuwa tamu, msemaji wao alikuwa na maneno, wetu alikuwa na maneno zaidi. Mama mkwe wangu akakaa chini ya Moyo Mtakatifu, akageuza kichwa, akasema:

—Ukuta muzuri kabisa! Nani alichagua?

Kabla mtu hajafungua kinywa nikasema kwa sauti ya furaha:

—Papa njo alichagua.

Wote wakamsifu. Baba akainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru. Nilimwona akitazama magoti yake hadi mazungumzo yalipohamia kwenye ng'ombe.

Wiki tatu baadaye, Jumapili baada ya misa, akaniita sebuleni, akafunga mlango. Juu ya meza palikuwa na karatasi na kalamu yake nzuri, ile ambayo hatukuruhusiwa kuigusa.

—Andika wewe. Mukono yangu inapinda siku hizi.

Akaanza kusema kwa Kifaransa cha ofisi, polepole, sentensi baada ya sentensi. Nilikuwa nimeandika mistari miwili kabla ya kuelewa kwamba ni barua ya kuacha kazi. Nikasimamisha kalamu.

—Papa, juu ya nini?

Ndipo akaniambia. Mwanga unamuuma tangu mwaka uliopita, namba ndogo anazisoma kwa kioo cha kukuzia, mistari bado anaiweza, mkono unajua njia. Alikuwa amejiambia: mradi natofautisha rangi, naendelea. Rangi ndizo zinazotenga shamba la huyu na la yule.

—Lakini mutoto yangu, rangi ya ukuta yangu mwenyewe, yenye nilichagua na haya macho, sikuijua. Nilisimama pale mulangoni, nikaona kitu nyeupe-nyeupe. Wewe ukaniambia ni ya chupa. Sasa kule Luberizi kuko mujane na watoto sita, shamba yake imepakana na ya mukubwa mumoja. Nikikosa rangi, nimemupa ule mukubwa mupunga ya mujane. Hapana. Andika.

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa pana kuliko mlango. Neno moja lingetosha: Papa, ni mimi, ukuta kweli si wa chupa, macho yako yaliona sawa. Lilifika hadi mdomoni. Nikafikiria arusi iliyobaki miezi miwili. Nikafikiria fundi, katoni, na uso wa mama akisikia kwamba nilimsingizia. Nikafikiria baba atakavyoniangalia. Na nikajitia hamnazo kwa hoja ya kisomi kabisa: kwamba macho yake ni mabaya kweli, amekiri mwenyewe, kwa hiyo barua ni ya haki, na uongo wangu umeiharakisha tu. Nikainamisha kichwa nikaandika. Mwandiko wangu wa ualimu, mzuri, usio na kosa hata moja. Alitia sahihi pale nilipomwekea kidole.

Nimeolewa, nimezaa, nimefundisha watoto wa watoto niliowafundisha. Baba alikaa kwenye kiti chake. Mwanzoni watu wa ofisi walipita kumsalimia, kisha wakapungua. Vile vitenge havikumsimamisha tena, kwa sababu hakupita tena sokoni. Alikuwa bado anaona vya kutosha kuchora, hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Angalau miaka miwili, labda mitatu, na rangi alizitofautisha vizuri kuliko sisi sote. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta ameupa mgongo ukuta ule. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na kila mara nilipofikiri imefika mwisho, nilikuta inaendelea nyuma ya kona.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa ameshafariki, daktari wa macho alifika katika hospitali moja ya misioni. Tukampeleka baba. Alitolewa mtoto wa jicho la kulia, akapewa miwani minene, na baada ya siku chache nikamrudisha nyumbani mwenyewe. Njiani alisoma maandishi yote ya maduka kwa sauti. Aliniangalia kwa muda, akasema:

—Kumbe na wewe ulizeeka! Hawakuniambia.

Nikacheka nikilia. Nilijua tunaelekea wapi. Nilijua kuna nini nyuma ya mlango, na nilikuwa nimeamua, nawaapia nilikuwa nimeamua, kwamba safari hii nitasema.

Aliingia sebuleni, akasimama palepale aliposimama na mfuko wa Luberizi. Rangi ilikuwa imefubaa kwa moshi, lakini ilikuwa bado ya maji ya ziwa. Akaitazama kwa jicho lake jipya, hakujikinga uso.

—Hii haiko ya chupa.

Nikaweka chini mfuko wake wa hospitali.

—Mulipakala tena?

Ilikuwa sauti ileile ndogo. Nami nilikuwa mwanamke mzima, mama wa watoto, mbele ya mzee ambaye hangeweza tena kunipiga wala kuvunja posa yangu, na nikapitia mlango uleule.

—Ndiyo, Papa. Tulipakala tena, zamani.

—Na ile ya kwanza? Yenye nilikuta siku nilitoka Luberizi? Ilikuwa ya chupa kweli?

Alikuwa amegeuka kuniangalia usoni. Nikaona kwamba swali lile alikuwa amelibeba miaka yote, na kwamba anaogopa jibu moja tu, na si lile nililodhani.

—Ya chupa kweli, Papa.

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akakaa kwenye kiti chake, uso kwa ukuta.

—Afazali. Siku zingine nilikuwa nafikiri labda macho haikukuwa mubaya vile. Labda niliacha kazi yangu bure. Sasa naona nilifanya vizuri, eh? Ule mujane, ningemunyanganya shamba.

—Ndiyo, Papa, nikamwambia. Ulifanya vizuri.